Nilisusa chakula Khartoum kwa sababu ya Zuhura, bomu likaangukia sinia

Wakuu, poleni na majukumu. Haya ninayoandika hata mama sijamsimulia, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Mchinga, pwani ya kusini. Vita vya Sudan vilinikuta Khartoum nikisoma, nakaa chumba kimoja na Hamidu wa Kiswere, pwani hiyo hiyo ya kwetu. Kule ugenini tulikuwa ndugu. Tunapika pamoja, tunakula sinia moja.

Sasa kuna binti wa kwetu Mchinga, Zuhura. Nampenda tangu tuko madrasa. Nilikuwa nasubiri nimalize chuo ndipo wazee wapeleke posa. Sikuwahi kumwambia mtu, hata Hamidu. Msinicheke.

Mchana mmoja mtandao ukarudi baada ya kukatika muda mrefu. Nimeshapakua wali na maharage, simu ya Hamidu ikaita. Baba yake mdogo. Alipokata simu alikuwa anacheka peke yake.

"Ndugu yangu, posa yangu imekubaliwa! Zuhura, wa Mchinga kwenu. Sasa wewe shemeji yangu!"

Wakuu, wivu ni ugonjwa. Niliyatazama yale meno yake nikayachukia. Nje watu wanauana, mimi nina vita yangu moyoni.

Nikainuka. "Kula tu, nimeshiba." Sijatia hata tonge.

Nikaenda uani, nikakaa nyuma ya tangi la maji la zege, nimenuna.

Watu wa pwani mnajua. Mwenzio akisusa huwezi kuendelea kula, lazima umfuate umbembeleze. Hamidu akaja, mikono bado inachuruzika maji ya kunawa.

"Nimekukosea nini? Rudi tule bwana, chakula kinapoa."

"Niache."

"Siwezi kula peke yangu, Athumani. Unajua."

Nikaapa moyoni sirudi ng'o.

Ndipo ndege ikapita. Mlipuko wenyewe sikuusikia, nilihisi kifua kinabanwa, kisha vumbi tupu. Hamidu alikuwa ameniangukia.

Tulipoinuka, chumba chetu hakipo. Pale penye sinia pana shimo.

Tulikumbatiana tukalia. Na nikiwa nalia hivyo hivyo, roho inaniambia: huyu ndiye anayemuoa Zuhura.

Tulirudi nyumbani salama. Hamidu akatangaza Kiswere na Mchinga nzima kwamba mimi ndiye niliyemtoa chumbani. Nikikataa, watu wanasema najishusha. Kanichagua niwe mpambe wake.

Juzi Zuhura akanipigia, mara ya kwanza maishani. Nilitoka nje mbio kupokea.

"Kaka Athumani, kila nikiswali nakuombea. Asante kwa kunirudishia mume wangu."

Nikasema amina. Ndoa ni Ijumaa hii.

Funzo langu: ukimpenda mtu tuma mshenga mapema, usikae nayo moyoni. Namshukuru Mungu Hamidu ni mzima, kweli kabisa. Lakini wivu haujaisha, sitawadanganya.

Mliowahi kumshikia bwana harusi mwavuli mkiwa na hali kama yangu, mlijikazaje? Nawasoma.