Chupa Iliyojazwa Maji

Mimi nina hasira za karibu, na asubuhi ile zilimwangukia mzee wa watu kutoka Chemba. Alikuja kwenye maabara yetu ya Dodoma mjini na chupa yenye kipande cha uvimbe uliokatwa kwenye titi la mkewe. Nilipoifungua, haikunuka dawa ya kuhifadhia hata kidogo.

"Shikamoo baba. Dawa iliyokuwa humu iko wapi?"

"Marahaba. Nilimwaga, mama. Ilikuwa inawachoma watu macho kwenye basi. Nikaweka maji safi ya kisima, tena nilichemsha."

Nikafoka. Nikamwambia nyama bila ile dawa huoza, na seli zikioza hazisomeki. Akanisikiliza kichwa chini, kisha akasema mkewe amelazwa, na daktari wa upasuaji ameahidi kuliondoa titi lote jibu lisipoeleweka, asije akaacha saratani. Aibu ikanishika. Aliyempa chupa hospitalini hakumweleza chochote.

Kesho yake, kwenye hadubini, nikaona nilichokiogopa: seli zimepauka, viini vimefutika. Mkuu wangu akachungulia.

"Andika haisomeki."

Nikakataa. Mzee alikuwa ameniambia kipande kililala kwenye dawa usiku mzima kabla ya safari, kwa hiyo lazima iliingia pembezoni. Nikakata tena, na tena, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mgongo ukauma, nikaendelea.

Seli iliyofia kwenye chupa hufa peke yake. Iliyofia mwilini huwa na msiba: seli za ulinzi hujaa pale kuondoa mabaki. Pembeni kabisa nikaukuta msiba wenyewe. Seli za mafuta zilikuwa zimekufa, walinzi wamezizunguka, na kovu limeanza kujijenga. Seli zinazozaliana ovyo sikuziona hata moja.

Nikatoka hadi kwenye benchi la nje, mzee alikokuwa ameketi tangu jana.

"Baba, mama nyumbani aliwahi kuumia kifuani?"

"Ng'ombe alimpiga teke akikamua. Ni muda sasa."

Mkuu wangu akarudia kuangalia mara mbili, akasaini: si saratani, ni jeraha.

Nikakimbia na jibu hadi kwenye benchi. Nikampa mzee simu yangu. Akaongea na mkewe kwa lugha yao, ile yenye vidoko vya ulimi, kisha akamsikiliza. Akavua kofia, akajifunika uso.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama nimekula."