Kitabu Tulichosomewa Dunguni

Harufu ya pepeta hutangulia sauti yake. Mpunga ambao masuke yake yameanza tu kupiga umanjano hukaangwa chunguni mpaka utoe moshi mtamu, kisha hutiwa kinuni ungali wa moto, na hapo ndipo mchi unapoanza kusikika. Kwetu Mbuchi, ndani ya delta ya Rufiji, harufu hiyo ilikuwa na maana kwamba watu wamehama. Kijijini walibaki kuku na wagonjwa, na sisi wengine tulivuka mto kwa mitumbwi kwenda kuishi madunguni, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, tuulinde mpunga na ndege mchana na nguruwe usiku. Nilikuwa msichana wa umri wa kujua kurusha teo, kombeo la kufukuzia ndege, lakini si wa kulenga, na mara nyingi donge langu la udongo liliangukia shamba la jirani. Tope lilinuka, mikoko ilinuka, mikeka tuliyolalia ilinuka moshi, na mpaka leo nikikuta pepeta sokoni husimama hata kama sina haja ya kununua.

Msimu ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka yalipoanza kujaa sabuni za kunukia na wachuuzi wa kamba wa baharini walipofika kutoka Dar es Salaam na maboti ya mashine na masanduku ya barafu. Mengi yalikuja, na machache yaliondoka bila kuaga. Moja lililoondoka ni maktaba ya kijiji. Mtu asiikuze akilini mwake. Lilikuwa kabati tu katika ofisi ya kijiji, lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Magazeti ya elimu ya watu wazima yaliacha kufika, ufunguo ukapotea, na kabati lilipokuja kufunguliwa mchwa walikuwa wamekwisha soma kila kitu. Aliyeumia kuliko wote ni shangazi yangu Mwajuma, dada mkubwa wa baba. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni, na tangu hapo hakushiba. Alisoma hata karatasi zilizofungiwa bagia, na akikuta habari imekatwa katikati alikasirika siku nzima.

Homa ndiyo iliyomkutanisha na Nesi Tumaini. Nesi huyu aliletwa zahanati yetu kutoka Njombe, Mkristo peke yake katika kijiji cha Waislamu, msichana mwembamba aliyeogopa mamba na kusali chumbani kwake kwa sauti ndogo. Watu walimpenda kwa sindano yake isiyouma, ila hawakujua la kuzungumza naye. Shangazi alimkuta kwenye benchi la nje anasoma kitabu.

"Hicho kinasemaje, mwanangu?"

"Cha mwanamke aliyerudi kwao baada ya miaka mingi, akakuta hakuna anayemkumbuka," alijibu Nesi. "Juzi kimeniunguzia ugali."

"Basi nipe mimi. Wali wangu umeungua mara nyingi bila sababu."

Ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Nesi alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu, na shangazi alikuwa na macho na muda. Mmoja alimpa mwenzake kitabu, mwenzake akarudisha pamoja na maoni yake na samaki wa kukaanga. Niliwasikiliza wakibishana juu ya watu wasiokuwapo duniani kwa uchungu kama wanabishana juu ya majirani. Nesi hakuwa akikiita kitabu kizuri au kibaya. Alieleza kilichompata alipokuwa anakisoma: hiki kilinifanya nimwandikie mama yangu, hiki nilikitupa ukutani, kisha nikakiokota. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli shangazi alipona jambo ambalo sisi tusingeweza kumtibia.

Mwaka huo dada yangu Zaituni alikuwa darasa la saba. Alikuwa mpole, mwenye sauti nzito kidogo isiyolingana na mwili wake, na alisoma vizuri kuliko mtoto yeyote shuleni. Kabla hatujahamia shamba, mchuuzi mmoja wa kamba alituma wazee kumposa. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia baba kwa adabu, aliswali, na alikuwa na nyumba ya bati mjini. Baba alifurahi. Alisema mpunga ukishavunwa harusi itafungwa, na mtihani si kitu, kwani wangapi Mbuchi walifanya mtihani na bado wanachimba matuta? Zaituni aliinamisha uso, na nyumba nzima ikauchukua ukimya wake kuwa ni haya ya mwali.

Shangazi hakuuchukua hivyo. Alivuka mto kurudi zahanati, nami nikiwa mbele ya mtumbwi, akamwomba Nesi kitabu cha kumwonya kaka yake. Nesi alitikisa kichwa.

"Ninacho kinachosema hayohayo tangu ukurasa wa kwanza, Bi Mwajuma. Lakini sikupi. Kitabu kikimnyooshea mtu kidole, mtu hukifunga."

"Sasa nimpelekee nini?"

"Kaka yako anapenda nini?"

Shangazi alifikiri. "Anapenda ubishi."

Nesi alichakura sandukuni akatoa kitabu kilichokwisha poteza jalada na kurasa zake za mwanzo. Jina lake hatukulijua kamwe. Sisi tulikiita cha Mzee Kigombo, kwa sababu ndiye aliyekuwamo: fundi seremala mwenye mwana mmoja, anayempenda mpaka kumchagulia kazi, rafiki na hata upande wa kulala. Mwana hajibu kitu. Asubuhi moja anaondoka kwenda migodini, na baba anaendelea kumchongea mlango na kitanda cha nyumba atakayokuja kuishi. Mwandishi hakumcheka mzee yule hata mara moja. Ukimsoma unampenda, na kwa kumpenda unapata shida.

Tulisomewa saa za adhuhuri, ndege wanapopumzika kwenye mikoko. Baba alihitimu Kurani chuoni lakini herufi za Kizungu zilimchosha, na macho ya shangazi yaliuma kwa mwanga wa mchana, basi msomaji akawa Zaituni. Majirani wa madungu ya karibu walikuja na makopo yao ya chai, wakaketi kwenye ngazi na chini ya sakafu ya fito, tukawasikia wakicheka chini ya miguu yetu. Baba alimtetea Mzee Kigombo kama wakili. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, alisema. Huyu mzee amemlea mtoto vizuri, kosa lake liko wapi? Wengine walimpinga, na yeye alinawiri. Hata alipokuwa anasuka kamba peke yake nilimsikia akijibu hoja za watu waliokwisha kwenda zao.

Tulipofika mahali ambapo mzee anamaliza kitanda na kuketi juu yake peke yake, baba aliacha kusuka.

"Mimi sielewi kitu kimoja," alisema. "Huyu kijana ana mdomo. Kwa nini hakusema?"

Aliuliza kama alivyozoea, akitazama watu, akingoja mbishi. Aliyejibu ni Zaituni, na hakuinua uso kutoka kitabuni.

"Hakuulizwa, baba."

Shangazi aligeukia mto. Baba alishuka ngazi taratibu, akaenda kuukagua mpunga ambao hakuna ndege aliyekuwa anaugusa, na hakurudi mpaka jua lilipopinda. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini siku ile mshindo haukuja. Kulipokucha alimwita Zaituni, akamketisha mkekani mbele yetu sote, akamwuliza anataka nini. Sijasahau sauti ya baba. Ilikuwa ya mtu anayejaribu kiatu kisicho chake.

"Yule bwana simchukii," alisema Zaituni. "Simjui. Nataka nifanye mtihani kwanza."

Baba alituma wazee wamwombe mchuuzi asubiri. Mchuuzi hakusubiri; alioa kwingine kabla mpunga haujaisha kuvunwa, na wapo walioacha kumwamkia baba wakisema amewaaibisha wazee kwa ajili ya hadithi. Zaituni alifanya mtihani, na hakuchaguliwa. Ningependa kuwaambia wasomaji vinginevyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alilia, baba akakaa naye nje akimtolea dagaa miiba wasiyokuwa nayo, kwa kukosa la kufanya. Miaka baadaye aliolewa na mvuvi wa kulekule, aliyemchagua mwenyewe, na hivi leo analima mpunga. Nesi Tumaini alihamishiwa Ngarambe, akaondoka na sanduku, akamwachia shangazi vitabu alivyovipenda zaidi.

Mimi sasa naishi Kibiti, kando ya barabara kuu, na kitabu nikikitaka hufika kwa basi. Nimo katika kundi la wasomaji kwenye simu. Kila siku tunapendekezeana vitabu, tunaviita bora, tunasema usife kabla hujakisoma hiki. Ni neema, na siidharau. Shangazi angelia kwa furaha kuona rafu yangu. Ila kila mtu anasoma peke yake chumbani mwake, na tukitofautiana tunapeana kidole gumba cha kukubali ili mambo yaishe. Zamani kitabu kimoja kilitosha mashamba matano, na hakuna aliyetoka salama.

Mwezi uliopita Zaituni alikuja kutibiwa meno, akatazama vitabu vyangu. Nilitaka kumchagulia. Akaniambia nikae, akachukua mwenyewe kimoja ambacho mimi nilikiacha katikati kwa kuchoshwa. Juzi alfajiri alinipigia kutoka Mbuchi. Hakusalimu vizuri. Alitaka nimweleze kwa nini nilikiacha, na nilipomweleza alisema sijui kusoma. Tulibishana mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi, tukaendelea.