Sentensi niliandika mu breve ya mujomba

—Apana mama, si mujomba alikosa. Ni mi niliandika.

—We? Mutoto wa shule anaweza kupotezea mutu muzima mashini yake?

Mama alikuwa anachambua muchele, hakuinua hata macho. Mi nilikuwa nimetoka tribunali saa ile, kusikiliza kesi ya mujomba, viatu bado mu miguu.

Mujomba, kaka yake, anatengenezaka radio. Na vipande vya radio zenye zilikufa aliunda mashini ya kujumlisha, akaombea breve, ile karatasi ya serikali yenye inasema kitu umevumbua ni chako. Sasa mufanyabiashara mumoja wa mjini, mwenye aliazima ile mashini, anauzisha ya kwake, sawa kabisa. Leo avoka wake, mwenye anamutetea, alisomea juge wa kesi sentensi yetu ya mu breve: mashini inajumlisha tarakimu moja moja, kuanzia kuume, kila moja inangoja ile ya kubeba. Halafu akacheka. «Ya kwetu haingoje kitu. Inajumlisha zote mara moja. Basi si ile.»

Lakini kutongoja ndiyo akili yenyewe ya mujomba! Taa zake nane zinawakaka pamoja. Yeye hajue kuandika Kifaransa. Alinielezea, mi nikaandika vile mwalimu alitufunzaka kujumlisha: unaanza kuume, unabeba moja, unaendelea. Taa sikuziangalia. Siku ile risasi zilikuwa zinalia upande wa Kanyosha, nilitaka nifike nyumbani mbele askari wafunge bariyeri ya barabara.

—Nisomee tena, mwanangu, mujomba akaniambia siku ile.

—Iko sawa, mujomba, weka saini tu.

Akaweka.

—Na juge amesema nini? mama akauliza.

—Anatusikiliza kesho, mara ya mwisho. Avoka wetu anasema yenye iliandikwa imeandikwa.

—Basi imeenda.

—Kuko mchoro, mama! Mujomba alichora mwenyewe, uko nyuma ya breve na muhuri juu yake. Nyuzi nane zinatoka pamoja, hakuna yenye inangoja mwenzake. Leo hakuna mutu alifungua ile paji ya mwisho ya karatasi.

Mama akaacha muchele.

—Kwa bariyeri ya Musaga leo askari wamerudisha watu. Na ukifika, useme nini? Eti ulikuwa na haraka? Watakucheka, wallahi.

—Wacheke.

Niliamua: kesho, nyuma tu ya sala ya alfajiri, nipite Musaga, hata kwa miguu, nifungulie juge ule mchoro mimi mwenyewe, na niseme mbele ya mujomba kama ni mi sikuangalia taa.