Nilimfungia Aika Ndoo ya Maji

Nimekosa, wenzangu, na sitafuti wa kunitetea. Mdogo wangu Aika nilimponza kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikuja kutoka Moshi kujifunza kupiga taipu, akakaa kwangu, nyumba ya kupanga karibu na Msimbazi. Baba yetu alimalizwa na pombe, kwa hiyo mimi harufu ya mbege, ile pombe ya ndizi, naijua tangu utoto. Asubuhi ile Aika aliposogea kunisalimia, mdomo wake ulinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nikasema moyoni, tayari, huyu naye kaanza.

Kila nilichokiona kikanipa haki. Amekonda, gauni linampwaya. Anakunywa maji hashibi, halafu kutwa yuko chooni uani, wapangaji wenzangu wananung'unika. Kisukari nani angekifikiria? Sukari yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni duka la ushirika na kurudi mikono mitupu.

"Kaka, sijaonja pombe. Nina kiu tu."

"Kiu ya mlevi hiyo. Leo hugusi maji yangu mpaka ikutoke kichwani."

Nikaifungia ndoo stoo, maji pekee tuliyokuwa nayo, nikaenda zangu kazini Kariakoo na ufunguo mfukoni. Mtu mzima na akili zangu!

Niliporudi alikuwa anahema kwa nguvu, namwita haitiki. Hospitalini daktari alinieleza taratibu. Mwili wake ulishindwa kutumia sukari, ukawa unachoma mafuta, na mafuta hayo yanaacha asidi kwenye damu. Ndiyo ile harufu. Figo huitoa asidi hiyo kwa mkojo, lakini bila maji figo zinazidiwa.

"Nyumbani alikuwa anakunywa maji?" akaniuliza.

"Anakunywa sana, daktari."

Nilidanganya, na ufunguo bado uko mfukoni. Walimtundikia dripu, mimi nikabaki namlowesha midomo kwa pamba, maana kumeza hakuweza tena. Hapo ningeleta hata pipa zima lisingenisaidia. Aika hakuamka.

Mpaka leo nikienda Moshi, mama ananishukuru mbele za watu kwa kumuuguza mwanawe. Nainamisha kichwa, naitikia. Kumwambia siwezi, na kunyamaza kunanila.

Ninyi mnaoishi na wadogo zenu, mtu akinuka hivyo na kiu haimwishi, msimhukumu. Mpeni maji, mkimbizeni hospitali. Mimi tulipotoka kuzika nilifungua stoo, nikaikuta ndoo imejaa vilevile.