Nilipompungia Dada Mkono

Sifa zote njema ni zake Mola aliyeniamsha alfajiri hii, akanipa miguu ya kunifikisha msikitini na ulimi wa kumtaja. Sala na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake. Nawe unayesoma, uwe wa dini yangu au wa nyingine, Mungu akupe utulivu wa dakika chache unisikilize.

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, nikitembea upesi kwenye barabara ya vumbi pale Mjambere, nikampungia mkono dada yangu aliyekuwa ng'ambo ya pili, naye asinijibu. Nilikasirika, mwanangu. Nilisema moyoni, "Na anune." Ngoja nikueleze nilifikaje hapo, maana katika siku zote nilizoishi hakuna inayonirudia kama ile.

Dada Mwanakombo alinizidi miaka kumi na minne. Mama yetu alifariki mimi ningali mtoto wa chuo cha Kurani, na tangu hapo yeye ndiye aliyenilea. Mumewe alikufa mapema, na Mungu hakumjaalia watoto, kwa hivyo duniani alikuwa na mimi tu. Kila asubuhi aliketi kwenye kibao mbele ya nyumba yake akipika mahamri ya kuuza. Mimi nilikuwa nimeshaoa, nikikaa mtaa wa pili, na nilifanya kazi ya kufua nguo katika hoteli moja ya Shanzu. Nikienda kazini sharti nipite kwake.

Salamu zetu wazijua zilivyo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, babangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Wewe je?"

"Alhamdulillahi. Mke wako hajambo? Na mtoto, kile kikohozi?"

"Kimepoa."

Dada hakuwa mtu wa kuanza na linalomuuma. Ukimwuliza mara ya kwanza, ni mzima. Mara ya pili, ni mzima. Mara ya tatu ndipo angegeuza mahamri karaini na kusema kwa sauti ya chini, "Alhamdulillahi, ila..." Hapo sasa habari yenyewe ilitoka: bati linavuja, au goti limeanza tena. Wazee wetu wengi walikuwa hivyo. Waliona haya kukutwika lao kabla hawajalijua lako.

Kisha kikaja kitabu. Mgeni mmoja alikiacha chumbani, na mkubwa wetu wa kazi akasema anayekitaka akichukue. Kilikuwa cha Kiingereza, kikifundisha namna ya kuishi kwa furaha. Nilikisoma kwa kamusi, jioni baada ya jioni, kwa bidii ambayo, Mungu anisamehe, sikuwahi kuitia katika msahafu wangu. Sikitukani. Kilikuwa na mambo ya kweli. Kilisema tuandike kila siku mambo matatu ya kushukuru, nami nikanunua daftari nikawa naandika. Lakini kulikuwa na sura moja iliyosema wakati wako ni wako, na kwamba ujitenge na watu wa kulalamika kwa sababu wanakunyonya furaha. Sura hiyo niliirudia mpaka kurasa zake zikalegea. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Kazini mashuka hayaishi, nyumbani mtoto anakohoa, na kila asubuhi kuna "ila" ya dada. Katika sura ile sikutafuta hekima. Nilitafuta ruhusa.

Nikaanza kupunguza. Kwanza nilimsalimia nikiwa wima.

"Keti basi, japo kidogo."

"Nimechelewa, dada."

"Umechelewa nalo jua halijatoka? Huko hotelini wamekupa uwaziri?"

Wateja walicheka, nami nikacheka, nikachukua mahamri yangu nikaenda. Siku moja nilipoyafungua kazini nikakuta mengine meusi upande mmoja, mengine mabichi katikati. Kesho yake nikamtania, "Dada, jana ulitukaangia makaa." Akasema, "Nilitaka nikwambie, babangu..." Nami nikamkata: "Kesho, dada, inshallah." Kesho hiyo sikuileta.

Mwishowe nilihamia ng'ambo ya barabara. Nikifika usawa wake nilimpungia mkono na kutabasamu, maana kitabu kilisifu sana tabasamu, kisha nikashika njia. Siku ya kwanza hakujibu. Ya pili hakujibu. Nikaona amenuna, na kitabu kilikuwa na dawa ya hilo pia: usibebe kinyongo cha mwenzio. Nikawa napunga tu wiki baada ya wiki, na jioni naandika kwenye daftari kwamba nashukuru kwa moyo mwepesi. Ukurasa mmoja, nilikuja kuuona baadaye, nimeandika kwamba nashukuru kwa macho yangu mawili.

Asubuhi ile niliyokutajia, nilipopunga, aliyeinuka alikuwa Mama Kadzo, mama wa Kigiriama aliyeuza nazi kando ya dada. Alivuka barabara akanishika mkono wa shati.

"We Athumani, wampungia nani?"

"Dada."

"Dadako haoni."

Nilidhani ni mzaha. "Haoni vipi naye yuapika?"

"Apika kwa kusikia mafuta! Mwezi mzima huu mimi ndiye namwambia haya yameiva, yale bado. Nawe wapita hapa kutwonyesha meno kama watangaza dawa ya mswaki! Kila siku atuuliza, 'Ndugu yangu amepita?' Twamwambia bado. Twaona haya kumwambia umepita."

Nilivuka. Nilisimama mbele yake, karibu kabisa, na hakuinua uso mpaka niliposema shikamoo. Ndipo akatabasamu, akinitazama begani badala ya usoni.

"Marahaba, babangu. Leo una nafasi?"

Siku hiyohiyo nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akasema ni presha ya macho. Akatueleza kwamba maradhi haya huiba nuru polepole, na iliyokwenda hairudi. Kilichobaki ni kivuli tu, na hicho wangejaribu kukilinda. Kisha akauliza, kwa upole, mbona hatukuja miezi michache nyuma, kungali na kitu cha kuokoa. Nilingoja dada aniseme. Ilikuwa haki yake.

Alisema, "Daktari, ndugu yangu ana kazi nyingi. Nilikuwa nangoja apate kuketi."

Nilimshika mkono nikamwongoza mpaka nje.

Nilimhamishia kwangu, na akaishi miaka mingi baada ya hapo, Mungu amrehemu. Kila asubuhi tuliketi pamoja nikimpa habari za mtaa: nani amepaka nyumba rangi gani, nani amehamia Miritini, binti ya nani amekuwa mrefu. Wallahi, zile ndizo asubuhi nilizokuwa nikizitafuta kitabuni. Nilizipata zikiwa na uchungu ndani yake, kwa kuwa niliyekuwa nikimsimulia angeweza kuyaona yote hayo mwenyewe.

Hakunilaumu hata mara moja. Siku niliyojikaza nikamwomba radhi, alinipapasa kichwani kama enzi za utoto wangu, akasema, "Nilikusamehe zamani. Lakini nyayo zako nilizijua, babangu. Kila ulipopita nilikusikia. Nilikuwa nikiwauliza wao ili wewe usikie."

Mwanangu, soma. Sitakukataza kusoma, na vitabu vya namna ile siku hizi vimejaa, mpaka kwenye simu vinasomwa kwa sauti. Vingi vina manufaa. Ila ukikuta neno linalokuruhusu kumwepuka mtu wako, usilishike siku hiyohiyo. Swali rakaa mbili, lala, uamke, kisha ujiulize kama ni hekima inayosema au ni uchovu wako. Wapo walalamishi wa kweli, sikatai, lakini hata hao utawajua baada ya kuwasikiliza, si kabla. Chuoni tulifundishwa kuyarudisha maamkizi kwa mfano wake au kwa yaliyo bora zaidi, nami, mtu niliyesoma, nilirudisha kiganja. Wewe msalimie mtu mpaka afike mwisho wa salamu yake. Mwulize mara ya tatu. Keti. Kazi utaikuta, na ukichelewa utaomba radhi na utasamehewa. Kuna kuchelewa kwingine ambako hata ukisamehewa hakuna kinachorudi.

Mwenyezi Mungu akulindie macho yako na macho ya uwapendao. Akupe nafasi katika asubuhi zako, na moyo wa kuitumia. Na kama yuko anayekungoja sasa hivi unaposoma haya, Mola akufikishe kwake mapema, umkute salama, naye akuone unakuja. Amin.