Mrushaji Aliyeingia Baada ya Magharibi

Ghalib Abdulghafur alizaliwa Unguja lakini alikulia Wheaton, Maryland, ambako wazazi wake walihamia yeye akiwa na miaka saba. Baba yake, Mzee Abdulghafur, alilisha ng'ombe wa utafiti katika kituo cha kilimo kule Beltsville. Mama yake, Mwatime, alishona nguo nyumbani. Mtoto alikuwa mashoto, na Mwatime hakulipenda jambo hilo.

"Mkono wa chooni huo," alimwambia kila alipomwona ameshikia kijiko kushoto. "Mtu hapewi kitu kwa mkono huo."

Ghalib akajifunza kula na kuandika kwa mkono wa kulia. Kurusha mpira hakufunzwa na mtu nyumbani, kwa hiyo kukabaki kushoto. Shuleni ikaonekana kwamba mpira wake wa besiboli ulijipinda ghafla ukimkaribia mpigaji, na wengi waliishia kupiga hewa. Mrushaji mashoto ni mtu wa kutafutwa katika mchezo ule. Mwishoni mwa kiangazi cha 1983, timu moja ya daraja la chini, upande wa Virginia, mwendo wa saa moja kwa gari, ilimpa mkataba.

Mzee Abdulghafur alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. "Na hiyo ni kazi?" akauliza.

"Watanilipa, Baba."

"Hata mwizi hupata pesa. Mimi nimeuliza kama ni kazi."

 Ghalib akafungasha nguo, akaenda.

Mwaka uliofuata Ramadhani iliangukia Juni. Mechi zilianza saa moja jioni, na jua la Virginia mwezi huo huchelewa kuzama. Ghalib ndiye aliyekuwa akianza kurusha, naye alifunga bila kumwambia mtu. Mechi ya kwanza ya mwezi huo miguu ilimlegea, wapinzani wakaipiga mipira yake watakavyo. Kocha wake, Peterson, akamtoa na kumkalisha kwenye benchi.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona hugusi maji?"

Ghalib akamweleza habari ya saumu. Peterson alimsikiliza huku akitazama uwanjani.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwezi uandame tena."

"Basi huanzi tena. Utakaa na warushaji wa akiba. Jua likizama, kula, kisha uniambie uko tayari."

Ghalib aliona ameshushwa cheo. Mrushaji wa akiba huingizwa mechi ikishaharibika, na vijana wengi walioanzia hapo waliishia hapo. Kwa siku kadhaa aliwaza kula mchana kama wenzake. Hakula. Mama yake akawa anamfungia na kumpelekea tende na chupa ya uji wa pilipili manga, naye akifuturu nyuma ya uzio, akisali juu ya taulo, kisha akianza kupasha mkono moto.

Alipoingia uwanjani, wapigaji walikuwa wamekwisha kuchoka, na yeye ndiyo kwanza ametoka kula. Mpira ukarudi kujipinda. Kufikia Idi, Peterson alikuwa akimkabidhi zamu za mwisho za kila mechi ngumu. Sikukuu ilipopita, kocha akamwambia anaweza kurudi kuanza.

"Niache huku huku," Ghalib akasema.

Mzee Abdulghafur alikwenda kumtazama mara moja, mwezi wa Agosti. Alikaa mpaka mwisho, na mwanawe akaiokoa mechi. Walipokuwa wakielekea kwenye gari mzee alisema, "Wenzako wanatema mate sana." Baadaye kidogo, akiwa anatafuta ufunguo, akaongeza, "Lakini wewe wanakungojea. Nimeliona hilo."

Mwaka 1985 Ghalib alipandishwa daraja, akahamia jimbo jingine. Alicheza vizuri msimu mzima. Msimu uliofuata bega likaanza kumuuma. Alipasuliwa, akapona, ila kasi haikurudi. Timu ikaachana naye majira ya kuchipua ya 1987, bila kufika ligi kuu. Peterson alimpigia simu kumpa pole, nao wakazungumza zaidi juu ya hali ya hewa.

Akarudi Wheaton, akapata kazi katika duka la viatu kwenye jengo kubwa la maduka, na jioni akasomea tiba ya viungo. Mwaka 1989 alimwoa Sabiha, mwalimu wa chekechea kutoka Arlington, ambaye hakuwahi kumwona akirusha mpira hata mara moja.