Saa ya Bure ya Nakonde

Naona aibu kulisema, lakini kwa kuwa wengi wenu mmeshalisikia kwa mke wangu, ambaye huongeza chumvi kuliko hata mimi, bora mlisikie na kwangu: mimi mtu mzima mwenye ndevu na duka la maturubai hapa Tunduma, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mwanafunzi anayejisomea Nakonde ana siku ndefu kuliko anayejisomea Chapwa, upande wetu. Maneno hayo yalienea darasani kwetu, shule ya jioni, na hesabu yake ilikuwa tamu sana: saa za Zambia ziko nyuma ya zetu, kwa hiyo ukivuka mpaka saa tisa unakuta kule ndiyo kwanza saa nane, umeokota saa nzima ambayo mwenzako hana. Na ushahidi ulikuwepo, maana jamaa mmoja aliyefaulu kidato cha nne kwa kishindo alikuwa akijisomea kule (hakuna aliyewaza kwamba huenda alifaulu kwa sababu alikuwa anasoma).

Basi nikawa navuka. Ba Mulenga, rafiki yangu wa biashara upande wa pili, akanipa kigoda nyuma ya kibanda chake, nami nikawa nakariri huko kwa sauti kubwa kiasi kwamba mbuzi wa jirani yake wangefanya mtihani wangepata daraja la pili. Sikuwa naelewa, nilikuwa nameza.

Sasa mwalimu wetu, Madamu Nzowa, alikuwa na mtindo ambao sisi tuliuona ni mateso: anakusimamisha mbele uwafundishe wenzako mada nzima, maana kwake mtu anayejua kitu lazima aweze kumweleza mwingine, na ukishindwa hakubali usajiliwe mtihani wa taifa mwaka huo. Mimi nikapewa Jiografia, longitudo na majira ya saa. Nikajiona nimeokota embe limeshamenywa, nikaenda kumwalika mama mkwe.

(Mama mkwe wangu ni mkulima wa kahawa kule Isansa, mtu wa kanisa, na tangu nimuoe binti yake hajawahi kunisema vibaya, ila kila nikimsalimia ananiuliza kwa upole unaochoma, "Baba, hivi shule uliishia darasa la ngapi?")

Siku yenyewe kipindi kilikuwa saa kumi na moja jioni, na badala ya kufunga duka nikaoge nijiandae kama watu, nikaona nivuke kwanza nikachukue ile saa ya bure. Nikakariri mpaka koo likakauka, natazama simu inasema saa kumi na robo, nikamwambia ba Mulenga muda wa chai upo, tukanywa, nikaaga, nikarudi mdogo mdogo kama bwana harusi, simu bado imeng'ang'ania mtandao wa Zambia (wa Tunduma mnaijua tabia hiyo, mtandao wao unakufuata mpaka chumbani), na nilipofika mlangoni ikasema zimebaki dakika kumi.

Nikafungua. Darasa limejaa, mama mkwe yuko mbele kabisa na kitenge chake cha Jumapili, mke wangu ameinamisha kichwa, Madamu ameshika chaki na ubao umeshajaa. Mngekuwa ninyi mngeshtuka. Mimi nikafurahi. Nikasema kwa sauti ya mgeni rasmi kwamba nawashukuru wote kwa kuwahi, hasa mama aliyetoka mbali, ila namwomba Madamu asiimalize mada yangu kabla ya muda wangu.

Hata msibani watu hukohoa, pale hakukohoa mtu.

Madamu akaniuliza ni saa ngapi. Nikainua simu juu mpaka wa nyuma waone. Yeye akanyoosha mkono wenye saa yake, nikaitazama, nikatazama simu, nikahisi damu yote inateremkia kwenye soksi.

"Haya, waeleze wenzako kwa nini hizi mbili hazifanani," akasema. "Si ndiyo mada yako?"

Jamani, jibu lilikuwa ndani yangu, nilikuwa nimelimeza zima zima. Nikafumba macho. "Longitudo ni mistari ya kubuni inayochorwa kwenye ramani kutoka ncha ya kaskazini hadi..."

"Sijauliza longitudo, Simkonda. Nauliza simu yako."

Nikajaribu kuingilia katikati ikagoma, maana aliyekariri ni kama gari la kusukuma, likizima njiani mnalirudisha juu ya mteremko muanze upya. Nikaanza tena, longitudo ni mistari ya kubuni, wa nyuma wakawa wanaitikia pamoja nami, na niliporudia mara ya tatu hata midomo ya mama mkwe ilikuwa inacheza.

Hapo nikachanganyikiwa, nikaropoka siri yote, kwamba wasinione nimechelewa, ukijumlisha saa zangu za Nakonde nimewazidi darasa zima kwa zaidi ya wiki. Kicheko kilichotoka kilisikika Vwawa, na aliyecheka kuliko wote ni mwanafunzi mwenzangu aliyenipa habari hizo mara ya kwanza. Mama mkwe hakucheka. Alijifunga kitenge vizuri, akamwambia binti yake kwa Kinyiha kwamba wangeniacha tu na maturubai, nami Mnamwanga nikajifanya sijaelewa.

Jina langu halikwenda mwaka ule. Wenzangu walisajiliwa, mimi nikabaki kwenye benchi lile lile mwaka mwingine, na cheti ninacho sasa (mama mkwe alikigeuza mbele na nyuma mara kadhaa), ila nimeapa kwamba jambo nisiloweza kumweleza mtu macho yakiwa wazi, sitajidanganya kwamba nalijua.

Lakini jioni ile sikuwa nimefika huko. Watu walipotoka nilibaki nafuta ubao, nikamuuliza Madamu, kwa dhati kabisa, ile saa yangu moja imekwenda wapi. Alinitazama kuona kama natania. Akaona sitanii.

"Saa uliyoongezewa ulipokwenda, ilikatwa uliporudi," akasema, akikusanya chaki zake. "Muda uliosoma kule ni ule ule ambao ungesoma hapa."